Injini Isifunguliwe

9 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba goti la Mama limetulia. Sisi huku hatujambo. Kila nikiandika neno hilo, sisi, natamani kulisoma tena kabla sijaendelea. Mimi na mume wangu hatujambo.

Nyumba yetu ni vyumba viwili na jiko, na dirisha la jiko linatazama karakana yake. Nikiosha vyombo namwona anapiga randa, maranda yamemjaa kichwani mpaka anaonekana mzee. Akijua namtazama, anaanza kupiga randa kwa madoido. Jana nilimwambia, "Unaharibu mbao kwa kujionyesha." Akasema, "Mbao zipo nyingi. Mke ninaye mmoja." Nisamehe kukuandikia mambo kama haya, Baba, lakini nikimwandikia Mama atakuja kukusimulia polepole ili umsome midomo, nawe utajifanya unatafuta spana. Bora uyasome mwenyewe.

Huku ni juu sana. Asubuhi ukungu unakaa mpaka tunamaliza chai, na mume wangu ananipa koti lake, kisha anasema hasikii baridi huku meno yanagongana. Nampenda, Baba. Nilidhani nilimpenda siku ya harusi, kumbe ile ilikuwa hodi tu.

Sasa neno lenyewe. Pikapu uliyotupa inaumwa. Asubuhi haitaki kuwaka, na ikiwaka inatoa moshi mweupe unaowasha macho, unaonuka dizeli. Ikibeba mbao haina nguvu kabisa, mpaka watu wanaotembea kwa miguu wanatupita na kutusalimia. Fundi wa hapa, wanamwita Profesa, anasema ringi za pistoni zimekwisha na injini ifunguliwe yote. Mume wangu ameahidi shule ya mlimani madawati yao kabla ya mwezi wa nane, na barabara ya kwenda kule inapanda mwanzo hadi mwisho. Lakini amesema, "Ile ni zawadi ya baba yako. Siwezi kuifungua tumbo bila kumuuliza."

Najua simu hutaki, na hata ungeitaka masikio yangeikataa. Basi tufanye kama tulivyofanya gerejini kwako tangu masikio yako yalipoanza kukuacha: mimi nasikiliza na kuzitaja sauti kwa majina yetu yaleyale, wewe unajua. Ikiwa imesimama, injini inapiga njugu kwenye kopo. Inazipiga kwa nguvu asubuhi, mchana zinapungua. Cherehani ipo, ni ile ya kawaida. Hakuna anayegonga mlango.

Barua nampa kondakta wa basi la Alhamisi, yule mwenye pengo.

Anayekukumbuka kila saa, na mwenye furaha kupita kiasi,
Binti yako


23 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anaendelea vizuri, goti linamsumbua usiku tu. Anakusalimu wewe na mumeo. Paka amezaa ndani ya tairi la trekta, hatuwezi kulisogeza.

Injini isifunguliwe.

Fanya haya. Kwanza, ikiwa inaunguruma, fungua kifuniko cha kuwekea oili, weka kiganja juu ya tundu. Kama ringi zimekwisha, pumzi itakusukuma mkono. Niandikie inasukuma kiasi gani.

Pili, mumeo alegeze nati za mabomba ya nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda, moja moja, injini ikiwa inaunguruma. Akilegeza moja, injini iyumbe. Akiikaza, irudi. Ile isiyoyumbisha ndiyo silinda iliyolala. Wewe sikiliza kwa bisibisi ndefu, mpini kwenye sikio, ncha kwenye chuma. Funga nywele, feni haijui bibi harusi.

Tatu, angalia oili na maji kama vimechanganyika.

Huyo Profesa umwambie asubiri. Mtu akikimbilia kufungua, ujue hajasikiliza. Mwambie mumeo nimempenda kwa kuuliza.

Baba yako


6 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia habari za paka. Mume wangu anasema tairi hilo sasa ni wodi ya wazazi. Tuko wazima, ila yeye alijipiga nyundo kwenye kidole gumba kwa sababu nilipita na gauni la njano, na akataka nimfunge kidonda mara tatu kwa siku. Kidole chenyewe kimevimba kidogo tu. Nilimfunga mara zote tatu.

Tumefanya ulivyosema, Jumamosi, mbele ya Profesa, maana alikuja mwenyewe kuona. Si mtu mbaya, Baba. Ana sauti kubwa na mikono safi kuliko mafundi wote niliowahi kuwaona. Niliposhika bisibisi na kuweka sikio, akasema, "Shemeji, unasikiliza redio?"

Mume wangu akamjibu, "Anasikiliza taarifa ya habari. Subiri, watakutaja."

Profesa akacheka, kisha akanyamaza alipoona nimefumba macho. Mume wangu akalegeza nati ya kwanza, injini ikayumba kama mtu aliyekosa ngazi. Akaikaza, ikarudi. Ya pili vivyo hivyo, ya tatu, ya nne. Zote zinafanya kazi, Baba, hakuna iliyolala. Kwenye tundu la oili pumzi ni ndogo, kama ya mtu anayepuliza chai. Maji na oili havijachanganyika.

Nikamwambia Profesa, "Ringi nzima hizi."

Akasema, "Na moshi je? Moshi unatoka wapi, shemeji, jikoni kwako? Mimi hapa kila gari lenye moshi nimelifungua, na kila nililofungua lina ringi mbovu."

"Na lisilokuwa na ringi mbovu?"

"Nikishafungua naweka mpya. Nitajuaje tena?"

Mume wangu alilazimika kwenda kusimama nyuma ya karakana ili acheke.

Lakini Jumatatu hatukucheka. Tulibeba mbao kidogo tu, na kwenye kilima cha kanisani pikapu ilikata tamaa. Tuliteremsha mbao zote barabarani, mume wangu akazirudisha nyumbani begani, safari baada ya safari. Nilimkanda mabega jioni. Alilala kabla sijamaliza, nikaendelea kumkanda hivyo hivyo.

Niambie ni nini, Baba.

Anayekusikilizia,
Binti yako


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa mabega ya mumeo. Huku jua ni kali, mvua imepita pembeni. Asubuhi namsaidia Mama yako kupanga nyanya kwenye meza yake sokoni. Ananigombeza kwamba nazipanga kama boliti.

Ulichoniandikia ni kizuri. Ringi ni nzima, mgandamizo upo, silinda zote ziko macho. Basi ni nozeli. Zinakojoa badala ya kupuliza, dizeli haiungui yote, ndiyo moshi wenye harufu na njugu za asubuhi. Zitolewe zote, zipelekwe kwenye mashine ya kupimia, zisafishwe, zirekebishwe. Na plagi za kupashia injini kabla ya kuwasha zipimwe, moja ikifa asubuhi inakuwa kazi.

Hiyo ndiyo dawa. Nina hakika.

Injini isifunguliwe.

Baba yako


18 Mei

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama. Mume wangu anawasalimu, ametengeneza kigoda kidogo kwa ajili ya goti la Mama, tutamtuma kondakta akikubali kukibeba bila kukikalia. Mimi nimejifunza kupaka vanishi. Anasema nina mkono mwepesi, kisha anaushika huo mkono kuukagua, na vanishi inatukaukia wote wawili.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nozeli zilipelekwa mjini na kurudi. Zimesafishwa, zimepimwa mbele ya macho ya mume wangu. Plagi zote ni nzima. Tumezirudisha, tumewasha.

Hakuna kilichobadilika, Baba.

Nilisimama pale na bisibisi sikioni nikitafuta tofauti yoyote ya kukuandikia. Nilitamani kuisikia. Njugu zilezile, moshi uleule. Profesa hakutucheka. Alimgusa mume wangu begani, akasema, "Mzee amejaribu. Tupange siku." Wamepanga mwisho wa Juni. Mume wangu aliniambia usiku ule, taratibu kama mtu anayeomba radhi, "Nisipoifungua, watoto wataanza muhula wakiwa wamekaa chini. Na mimi niliahidi." Angekuwa mtu wa maneno makali ningemjibu, lakini yeye aliniuliza, "Baba yako atanisamehe?"

Kwa hiyo nakuuliza mimi. Kwa nini isifunguliwe? Umefungua injini nyingi kuliko milango. Umeniandikia neno hilo kila barua, na hujaniambia sababu.

Na kitu kingine. Barua zako zinakuja safi. Nilipokuwa shule ya bweni, kila karatasi yako ilikuwa na kidole cha oili pembeni, wenzangu walisema baba yako anapiga muhuri. Sasa karatasi ni nyeupe kama ya karani. Na asubuhi unapanga nyanya. Nani yuko gereji asubuhi, Baba?

Nijibu. Hata kama ni kunigombeza.

Binti yako


15 Juni

Baba,

Shikamoo. Kondakta anaapa kwamba barua yangu alimpa Mama mkononi, na Mama akampa nyanya. Basi umeipata. Mabasi yamekuja na kurudi, mimi nasimama kituoni kama mke wa mwanajeshi, na mume wangu anakuja nyuma yangu na mwavuli, ananifunika.

Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi.

Nitakuandikia habari ya safari yetu, kwa sababu ilikuwa nzuri na kwa sababu sina jingine. Madawati ya kwanza yalikuwa tayari, tukasema tuyapeleke shuleni machache machache, ikishindikana tuteremshe. Siku hiyo ilinyesha mvua ya kuuma. Mume wangu alifunika madawati kwa turubai kubwa, lakini ndoano ya nyuma ilikuwa imekatika, basi akalivuta turubai lote mbele, likapita juu ya paa, likashuka mpaka usoni kwa pikapu, akalifunga chini ya bampa. Akaacha nafasi ya kioo tu. Ilionekana kama mwanamke aliyejifunika mtandio. Akasema, "Twende na bibi huyu mpaka atuchoke."

Tulikaa tumebanana, vioo vimejaa mvuke wa pumzi zetu, akawa ananiimbia wimbo ambao hajui maneno yake. Baba, ile pikapu ilipanda. Mwanzo ilikohoa kama kawaida, kisha baada ya daraja ikanyamaza njugu zote. Nilitazama nyuma, moshi hakuna. Kilima cha kanisani tulikipita kwa gia ya tatu. Mume wangu aliacha kuimba, akanitazama, tukaogopa hata kusema. Mwalimu mkuu alitupokea mwenyewe, na watoto wakagusa madawati kwa kidole kimoja kana kwamba rangi ingewaka moto.

Nilidhani ni mapenzi yetu yameihurumia. Kesho yake mvua ilikatika, turubai tukalianika uani, na pikapu ikarudi kwenye ugonjwa wake. Mshale wa joto haujawahi hata kunyanyuka, injini haichemki, haivuji, haina neno. Inakataa tu.

Profesa anakuja tarehe 30 kuifungua.

Baba, nikuulize waziwazi. Gereji imefungwa? Kama ni kwa sababu yangu, nitarudi. Nimezungumza na mume wangu. Alisema, "Nenda ukae naye miezi mitatu, kisha uje miezi mitatu, tutazoea." Kisha akatoka nje akapiga randa ubao ambao alikuwa ameshaupiga. Nitakuja kusimama kwenye boneti kama zamani. Sema tu.

Binti yako


22 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako mzima. Mimi mzima. Paka wameondoka wote, tairi limebaki.

Sikukujibu, na karatasi ilikuwepo, na kalamu ilikuwepo. Nilikwambia nina hakika ni nozeli, na hazikuwa nozeli. Nilikaa na jambo hilo.

Kwanza pikapu. Umeniandikia ugonjwa wake katikati ya nyimbo za mumeo, nami nimeuona. Turubai lilifunika rejeta, pale mbele upepo unapopoza maji ya injini. Upepo haukupita, injini ikapata joto, ikapona. Kuna kifuniko kidogo cha shaba kinachokaa kwenye njia ya maji, kati ya injini na rejeta, kinaitwa themostati. Maji yakiwa baridi kinafunga, ili injini ipate moto upesi. Yakishapata moto kinafunguka. Huku kwetu kwa joto hili mafundi wote tunakitoa, gari likiingia tu gereji, ili lisichemke. Katika pikapu hiyo sikumbuki kama nilikitoa mimi au nilikuta hakipo. Sijawahi kukiwaza. Sijawahi kukanyaga mahali penye baridi. Wewe uliniandikia ukungu, koti, meno yanagongana, nami nikasoma hayo yote kama habari za ndoa. Kila barua yako niliitibu kama gari liko hapa mlangoni kwangu.

Injini yenu haijachoka. Inasikia baridi, basi.

Nimempa kondakta themostati mpya, imefungwa kwenye kitambaa. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji, washa moto, uitazame. Maji yakikaribia kuchemka itafunguka mbele ya macho yako. Isipofunguka, usiiweke. Pale inapokaa pana nati mbili, chini yake gasketi. Mumeo ataweza.

Sasa lile lingine. Gereji nimeifunga tangu wiki ile uliyoondoka. Alikuja mwenye lori, nikaweka bisibisi kwenye meno kama ninavyofanya, nikaona chuma kinatetemeka, lakini mtetemo hauna jina kama sauti. Nikasema beringi. Haikuwa beringi. Alirudi akasimama mbele yangu, mdomo wake unakwenda, na mimi nikachagua kutazama viatu vyake. Mama yako alijaribu kukaa mahali pako. Kila injini kwake inaunguruma. Nikamuuliza, inaungurumaje? Akasema, kama gari. Siwezi kumlaumu, anajua nyanya.

Usirudi. Mumeo akikuleta nitamrudisha na wewe humohumo ndani ya gari. Sikukuoza ili niwe nakukopesha.

Umeniuliza kwa nini isifunguliwe. Pikapu hiyo niliipata sikio la kushoto likiwa bado lina uhai. Zilizokuja baada yake zote ulizisikia wewe, ukaniambia. Hiyo niliisikia mimi. Ni injini ya mwisho iliyoko kichwani mwangu. Nikilala naweza kuiwasha. Ikifunguliwa, ikitiwa ringi mpya na pistoni mpya, itakuwa injini nyingine, na hii niliyo nayo haitakuwepo popote duniani. Nilikupa wewe kwa sababu hiyo. Sikutaka iende kwa mtu asiyejua kusikiliza.

Hilo si jambo la ufundi. Najua. Kama themostati haitasaidia, mwache Profesa aifungue, mimi nimeridhia. Ahadi ya mumeo kwa shule ni kubwa kuliko kichwa changu.

Baba yako


5 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Mama nambusu mikono. Sisi wazima, na wote wawili tunanuka dizeli, na sijawahi kuona mwanaume mzuri kama mume wangu akiwa na masizi puani.

Barua yako niliisoma kituoni, nimesimama. Kisha nikaisoma jikoni, na mume wangu akaniuliza kama kuna msiba. Nikampa asome. Alisoma, akaikunja vizuri kwa mikunjo ileile uliyoikunja wewe, akasema, "Leta sufuria."

Tulikaa wawili mbele ya jiko tukaitazama themostati ndani ya maji kama watu wanaotazama yai. Ilikaa, ilikaa. Mume wangu akanong'ona, "Imekataa." Kisha ikafunguka, polepole, bila haraka yoyote. Hatukupiga kelele. Alinishika mkono tu.

Profesa alikuja na visanduku vyake vyote vya spana, tayari kwa kufungua. Nikamwonyesha barua, ile sehemu ya juu tu. Alisoma, akakaa kwenye tairi la akiba, akasema, "Mimi nimezaliwa kwenye baridi hii. Magari yote yanayokuja kwangu yametokea chini, yametolewa hicho kidude, na mimi nayafungua ringi." Akavua koti, akashika spana ya kwanza, akatufungia yeye mwenyewe, na alipomaliza hakutaka chai.

Sasa nisikilize, nitakuandikia kama gereji.

Kesho yake asubuhi, ukungu bado uko chini, niliwasha mimi. Stata ilizunguka, ikashika. Mwanzoni zilikuwepo njugu kwenye kopo, na moshi kidogo. Niliweka kiganja kwenye bomba la juu la rejeta: baridi kabisa. Mshale ukaanza kunyanyuka, nikauona kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Njugu zikapungua, si kwa kukatika, ila kama watu wanaotoka ukumbini mmoja mmoja. Kisha bomba likapata moto ghafla mkononi mwangu, na injini ikatulia. Baba, ni nzito chini, inaguna kifuani, halafu juu yake cherehani inashona nguo nyepesi. Kila baada ya mizunguko kadhaa inameza mate, kidogo sana, kisha inaendelea. Niliongeza mafuta, ikapanda bila kugombana na mtu. Nikaachia, ikashuka taratibu. Hakuna anayegonga mlango. Hakuna anayefagia. Moshi ni hewa tu.

Nimeisikiliza mpaka mume wangu akaniletea koti. Tumepeleka madawati yote yaliyobaki. Kesho watoto watakalia.

Hii niliyokuandikia, ndiyo ile uliyo nayo? Nimeogopa kukuuliza, lakini nimeuliza. Hasa ile ya kumeza mate. Ilikuwepo wakati wako?

Anayekupenda kwa masikio yote mawili,
Binti yako


20 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Kigoda kimefika na mguu mmoja umelegea, kondakta anasema hakukikalia. Mama yako anaweka goti juu yake kila jioni na kumsifu mumeo mpaka mimi naondoka.

Nimefungua mlango wa gereji nusu. Nafanya breki, springi na usukani. Hayo naweza kuyaona na kuyashika. Mwenye lori yule alipita, akaniletea springi iliyovunjika. Nilimtazama mdomo mpaka mwisho. Injini nawaambia waende kwa mwingine. Inaniuma nikisema. Nasema.

Mwambie Profesa kwamba na mimi nimekuwa nikizitoa themostati zote, maisha yangu yote, na nilikuwa sawa, huku.

Uliuliza kama ndiyo ile. Nimeisoma karatasi yako mara nyingi. Usiku nimefumba macho nikawasha niliyo nayo kichwani, ili nilinganishe. Kuguna kwa chini kupo. Cherehani ipo. Hiyo ya kumeza mate nimeisikia pia, waziwazi, na sijui kama ilikuwepo tangu zamani au umeitia wewe. Nimejaribu kuitoa, haitoki. Yangu na yako zimeingiliana, siwezi tena kuzitenganisha, na nimeacha kujaribu.

Kwa hiyo msiogope. Injini ni yenu. Siku itakapochoka kweli, ifungueni.

Baba yako